Anayetia Sahihi: Kwa Wanaotaka Kuandika Riwaya ya Wodi ya Akili

Muswada ulianza na radi. Baada ya radi umeme ukapotea, mgonjwa mmoja akaangua kicheko "kilichotoka kuzimu", na daktari mwenye miwani ya duara akajitokeza gizani ameshika sindano ndefu mfano wa shazia ya kushonea magunia ya mahindi. Nikaweka karatasi mezani. Nikamwuliza mwandishi, kijana wa hapa hapa Eldoret, kama amewahi kuingia wodi ya magonjwa ya akili. "La, mwalimu," akajibu, "lakini nimeona filamu nyingi."

Kijana huyo hupita Nandi Road kila siku kwa matatu, mbele ya lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Miongoni mwa abiria wenzake wamo wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, wanafunzi wa udaktari wenye makoti meupe yaliyokunjwa mkononi, na akina mama waliobeba vikapu vya chakula cha mgonjwa. Mali yote hiyo ya mwandishi imekaa naye kiti kimoja, yeye ameikodolea macho simu akitazama kisiwa cha Marekani chenye ngome na mawimbi. Makala haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, maana mwaka huu si yeye peke yake aliyeniletea radi.

Jambo lenyewe linafaa kuandikwa. Riwaya za taharuki tunazo kwa Kiswahili, tena za zamani. Mohamed Said Abdulla alituletea Bwana Msa tangu Mzimu wa Watu wa Kale, Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Wazimu nao umo katika fasihi yetu: Matuko Weye wa Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea, anasema hadharani yale wenye akili timamu wanayonong'ona, na Kazimoto wa Kezilahabi katika Kichwamaji anatupeleka hadi ukingoni mwa akili ya binadamu. Ila mpelelezi wetu hutafuta muuaji bandarini na hotelini, na mwendawazimu wetu huachwa njiani au sokoni. Wodi yenyewe, yenye vitanda, faili na zamu, haijakanyagwa sana. Atakayeingia humo kwanza akiwa na macho mazuri atapata shamba ambalo halijalimwa.

Sharti aingie akijua kinachotisha ni nini.

Nitasema ninavyoona mimi, nawe uko huru kubisha. Hofu ya wodi ya akili haiko kwenye kelele, wala kwenye sindano. Iko kwenye karatasi, na kwa yule anayetia sahihi. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka jamaa yangu hospitali moja ambayo sitaitaja, baada ya siku tano za kutolala na kuongea na watu ambao sisi hatukuwaona. Kelele zilikwisha tulipofika mapokezi. Aliketi kimya amejifunika koti langu. Muuguzi akanisogezea fomu na kalamu iliyofungwa kwenye meza kwa uzi wa bendeji isiibwe. Palikuwa na nafasi ya kujaza uhusiano wangu na mgonjwa. Nikaandika "ndugu", nikatia sahihi. Ndipo akageuka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti yake ya siku zote, "Umeandika nini hapo?" Nikaikunja ile karatasi. Alipona, tunakula naye sikukuu, ila swali hilo sijawahi kulijibu. Sijasoma riwaya ya kigeni iliyonitetemesha kama kalamu ile yenye uzi.

Kwa hiyo anza na mlango. Mgonjwa wako ameingiaje wodini? Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ya mwaka 1989, iliyofanyiwa marekebisho makubwa 2022, ina milango kadhaa. Mtu anaweza kwenda mwenyewe kwa hiari yake. Anaweza kupelekwa bila hiari, mume, mke au jamaa akiomba na daktari akipendekeza. Polisi nao wana mlango wao, kwa mtu anayeonekana kuwa hatari kwake au kwa wengine. Kila mlango una mwombaji wake, shahidi wake na saa zake za kuhesabiwa, na kwa hiyo kila mlango ni riwaya tofauti. Usiseme tu "alipelekwa hospitali ya wazimu". Sema nani alimpeleka, kwa gari la nani, na nani aliyelipa mafuta. Msomaji wa Uasin Gishu atakuelewa mara moja, kwa sababu anajua kwamba nyuma ya mgonjwa anayepelekwa bila hiari kuna kikao cha ukoo kilichokaa usiku kucha.

Hapo ndipo ninapomwambia kijana wangu: achana na kisiwa, tafuta shamba. Sheria hiyo hiyo inairuhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye akili yake haimwezeshi kuisimamia. Ni sheria nzuri na inahitajika. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ana ekari thelathini na bili za hospitali, watoto wake wanataka kuuza ekari mbili wamtibu, na benki haiwezi kumsikiliza mtu asiyekumbuka jina lake. Basi wanakwenda mahakamani na ripoti ya daktari. Mara nyingi mambo huishia hapo kwa heri. Lakini fikiria ndugu wanne, hati moja ya shamba, mzee ambaye anasahau Jumatatu na kukumbuka Alhamisi, na ripoti iliyoandikwa Jumatatu. Fikiria mzee huyo Alhamisi asubuhi, akili imemrudi, akisikia mwanawe akizungumza na mnunuzi nje ya dirisha la wodi. Una taharuki ya kutosha kurasa mia tatu, wala hujamtoa mtu tone la damu. Zaidi ya hayo, hakuna mwovu wa wazi. Yule mwana huenda anaamini kwa dhati kwamba anamsaidia baba. Msomaji akishindwa kujua ni msaada au ni wizi, amenaswa.

Ukitaka kuona mambo haya yanavyokwenda, soma hukumu. Uamuzi wa mahakama zetu, zikiwemo za Mahakama Kuu ya Eldoret, husomwa bure kwenye mtandao wa Kenya Law. Kesi nyingi za aina hii hutumia herufi tu badala ya majina, na humo utakuta ndugu wakiapa, daktari akieleza, na jaji akiuliza kwa nini binti wa kwanza hakuarifiwa. Usinakili kesi ya mtu. Jifunze mwendo wake, kisha ubuni yako. Saa moja ya kusoma hukumu itakupa mazungumzo ambayo filamu ishirini hazitakupa.

Kuna karatasi nyingine mbili za kuzijua. Ya kwanza ni ile ya mtuhumiwa anayeonekana alitenda kosa akiwa hana akili timamu. Kwa miongo mingi sheria yetu ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 166, ilimwacha mtu huyo kizuizini kusubiri amri ya rais, bila tarehe ya mwisho. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wameshasema kwamba kumweka mtu hivyo bila kikomo kunavunja Katiba. Ukiweka riwaya yako kabla ya hukumu hizo, una mtu aliyepona kabisa ambaye faili lake linasubiri kwenye meza asiyoijua, katika jengo asilolijua. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ina sehemu ya ulinzi mkali kwa wagonjwa wanaotoka mahakamani. Tanzania wana Isanga, jirani na Mirembe, kule Dodoma. Karatasi ya pili ni bili. Mgonjwa ameruhusiwa, daktari ameandika, sista amemuaga, lakini bili haijalipwa na jamaa hawashiki simu. Sina haja ya kumweleza Mkenya zaidi ya hapo.

Nao wako ambao jamaa hawarudi kabisa. Mathari imekuwa na wagonjwa wa namna hiyo, waliopona kitambo na kubaki kwa kukosa wa kuwachukua, kwa sababu kijijini nafasi yao ilishajazwa. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa siku moja na nchi nzima ikashtuka. Waandishi wangu hupenda sana tukio hilo, wakakimbilia ukuta na mbwa. Mimi huwauliza: ametoroka, sawa, anakwenda wapi? Akifika kwao Turbo saa tatu usiku akabisha hodi, nani anamfungulia? Sura hiyo ndiyo ngumu kuandika, na ndiyo ninayotaka kuisoma.

Kwa anayependa historia, Mathari peke yake inatosha maisha ya mwandishi. Ilifunguliwa 1910 kwa jina la Kiingereza lililoiita nyumba ya vichaa ya Nairobi, ikabadilishwa jina 1924. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Huyu sikumsoma kwenye riwaya, alikuwepo. Alishika usukani wa hospitali ya akili bila kuwa amesomea vya kutosha tawi hilo la udaktari. Kutokana na watu aliowaona pale, waliofungiwa, wagonjwa, mbali na kwao, aliandika juu ya akili ya Mwafrika kwa jumla. Mwaka 1951 alichapisha makala akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau, akaandika ripoti iliyoufanya uasi wa watu walionyang'anywa ardhi uonekane kama ugonjwa wa akili iliyoshindwa na mabadiliko. Serikali ikaisoma ikapata usingizi.

Mtazame vizuri mtu huyo kama mwandishi. Hana miwani ya duara inayong'aa gizani. Huenda alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri na chai yake ya saa kumi. Silaha yake ni aya iliyopangika vizuri. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia 1953, alimjibu katika kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. Mwishoni mwa kitabu hicho Fanon ameweka kumbukumbu za wagonjwa wake. Yumo mpelelezi wa polisi Mfaransa ambaye kazi yake ilikuwa kutesa wafungwa, akaanza kumpiga mke na watoto nyumbani, akaenda kwa daktari kuomba atibiwe ili aweze kuendelea kutesa kazini kwa utulivu. Daktari anayepinga ukoloni ameketi mbele ya mtu huyo na lazima aamue afanye nini. Kama unatafuta kiini cha riwaya ya kisaikolojia ya Afrika, kimekaa kwenye kurasa chache hizo tangu 1961.

Sasa dawa, maana hapa ndipo waandishi wengi huchafua. Kwenye miswada ninayoletewa, mgonjwa akidungwa huanguka kabla sindano haijachomolewa. Haiwi hivyo. Sindano ya msulini ya kutuliza, mathalani haloperidoli, huchukua robo saa, nusu saa, na wengine hawalali kabisa, hupungua kasi tu. Robo saa hiyo usiiruke. Watu wanne wamemshika, amekwisha kudungwa, dawa haijashika, na bado ana nguvu na maneno. Atasema nini katika dakika hizo kumi na tano, naye anajua fika kwamba baada yake hatasikilizwa tena?

Vilevile dawa huacha alama, na alama ndiyo chakula cha riwaya ya upelelezi. Mtu akipewa dawa hizi mara ya kwanza anaweza kukakamaa shingo na macho yakapanda juu yakabaki huko. Huogofya kutazama, na hutulizwa kwa dawa nyingine, Artane ikiwa mojawapo. Hiyo ni alama ya siku za mwanzo. Alama ya miaka ni nyingine: midomo na ulimi huanza kujitafuna vyenyewe, polepole, kama mtu anayekula ubani usiokuwepo, bila mwenyewe kutaka. Haiji kwa juma moja. Huja baada ya miezi au miaka ya dawa. Basi weka mezani mwa mapokezi mwanamke wa miaka arobaini. Mumewe anaapa kwamba hajawahi kuugua akili, hajawahi kumeza hata kidonge, hii ni mara ya kwanza. Sista anaandika. Halafu sista anainua macho anaona midomo ya yule mwanamke ikitafuna hewa. Ama mume anadanganya, ama kuna mtu nyumbani amekuwa akimtilia kitu kwenye chai kwa muda mrefu. Kidokezo hicho si cha kubuni, na msomaji muuguzi akikikuta atakuheshimu.

Chanzo kingine kizuri ni mgonjwa aliyelazwa wodi isiyo yake. Magonjwa mengi ya mwili huvaa vazi la wazimu: homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo iliyopita kiasi, malaria iliyopanda kichwani. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezaliwa huku hana kinga ya malaria kama mtu wa Busia. Akirudi kutoka mazishini kando ya ziwa, baada ya siku kumi na kitu akaanza kupayuka, jamaa watasema amelogwa huko huko. Kinachoweza kumwokoa ni tiketi ya basi iliyosahaulika mfukoni mwa koti, mtu akiisoma na kuuliza swali moja. Hapo saa inakimbia kweli.

Pombe nayo ina saa yake. Mlevi wa chang'aa wa miaka mingi akikatizwa ghafla, hatari kubwa haiji siku ile. Huja siku ya pili, ya tatu, hata ya nne: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaona wadudu wakitambaa kwenye blanketi, na asipotibiwa anaweza kufa. Mtu aliyekamatwa Ijumaa akiwa mtulivu, akaletwa wodini Jumapili akipigana na panya wasiokuwepo, hajaingia wazimu juzi. Kuna mtu hakumuuliza swali. Na dawa nyingine halali huchezea akili: efavirenzi, iliyomezwa na wagonjwa wengi wa virusi vya ukimwi katika nchi yetu kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, iliwapa baadhi yao ndoto kali na kizunguzungu, na wachache zaidi wakachanganyikiwa. Katika mji ambao AMPATH, mpango wa kutibu virusi vya ukimwi, ulianza 2001, hadithi ya mtu anayeogopa ndoto za dawa inayomweka hai inasubiri mwandishi wake.

Kuhusu mambo ya kuacha sitakawia. Acha mgonjwa mwenye "nafsi mbili" anayeitwa mgonjwa wa skizofrenia. Ni vitu viwili tofauti. Acha ule mwisho ambapo mpelelezi anagundua kwamba yeye mwenyewe ndiye mgonjwa. Filamu ya Kijerumani ya Daktari Caligari ilitumia mbinu ya aina hiyo 1920, Dennis Lehane akairudia kwa ustadi katika Shutter Island 2003, na mimi nimeisoma mara tatu mwaka huu kabla ya Pasaka. Acha umeme wa kichwani kama adhabu ya kulipizana kisasi. Matibabu hayo yalianzia Roma 1938, na yanapofanywa ipasavyo siku hizi mgonjwa hupewa kwanza nusukaputi. Na usifanye ugonjwa kuwa jibu la fumbo. "Aliua kwa sababu ni kichaa" si ufumbuzi, ni mwandishi aliyechoka. Watu wenye magonjwa haya hupigwa, huibiwa na hudhulumiwa mara nyingi kuliko wanavyodhuru wengine, na msomaji wako mmojawapo ana dada nyumbani anayemeza dawa kila usiku.

Kama riwaya yako inagusa kujiua, angalia mwaka. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hadi Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo hadithi ya 2015 inaweza kuwa na polisi aliyeketi miguuni pa kitanda, amefunga mkono wa mgonjwa kwa pingu kwenye chuma. Njia aliyoitumia mgonjwa usiieleze. Mwonyeshe asubuhi yake, na huyo polisi asiyejua aangalie wapi.

Nitakuonyesha ninachotaka, kwa kuwa kukosoa tu ni rahisi. Ile sura ya radi niliiandika upya, nikamsomea kijana wangu hivi:

"Saa nane usiku Sista Jerono aliwasha tochi ya simu, akaanza kuhesabu kutoka mlangoni. Hakummulika mtu usoni. Alimulika miguu, kama alivyofundishwa na waliomtangulia, ili asiwaamshe. Kitanda cha sita walikuwa wawili, wamelala mzungu wa nne. Alipofika dirishani alikuwa na ishirini na tisa. Rejista ilisema ishirini na tisa. Akatia sahihi. Alikuwa ameshafunga rejista, kikombe cha chai kiko njiani kwenda mdomoni, alipokumbuka kwamba jioni alimfunga mzee Kiprono bendeji kwenye kidole gumba cha mguu. Kitanda cha sita. Alikuwa ameona miguu minne, na yote haikuwa na bendeji."

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo mwingine ni nani?" Nikamwambia hiyo ni kazi yake. Hesabu imetimia, mtu hajatimia, na sahihi imeshawekwa. Sista akiripoti, amekiri kwamba alitia sahihi bila kuangalia. Akinyamaza, mzee yuko nje kwenye baridi ya Julai, ama yuko mahali pabaya zaidi. Angalia pia kwamba hakuna aliyepiga kelele.

Lugha yako iwe ya wodi yenyewe. Wagonjwa humwita muuguzi sista, hata wakati mwingine akiwa mwanamume mwenye ndevu. Mgonjwa mkubwa kwa umri huitwa mzee au mama, hata na anayemshika mikono adungwe. Mtu haambiwi "umeachiliwa", anapewa ruhusa. Anapoingia huvuliwa mshipi, kamba za viatu na simu, na vitu hivyo hutiwa kwenye mfuko wenye jina lake. Mfuko huo usiusahau, siku moja utauhitaji. Nje ya wodi maneno ni mengine: amechizi, nati zimelegea, apelekwe Mathare. Mhusika wako akitoka hospitali atarudi kwa watu wanaosema hivyo, na wengi watasema wakicheka, bila ubaya. Andika kicheko hicho kama kilivyo.

Kwenda kuona ni lazima, na kuna namna yake. Nenda saa za kutembelea wagonjwa, ukiwa na mtu wa kumtembelea. Usiende kutazama watu kama waendao mbuga. Usirekodi, usipige picha, usimhoji mgonjwa kwa ajili ya kitabu bila idhini yake na ya hospitali. Hospitali ya mafunzo ina kamati ya maadili ya utafiti, na barua ya adabu hujibiwa. Zaidi ya yote, zungumza na waliopona. Ukimpata mmoja aliye tayari kusimulia, usimuulize alikuwa anaona nini. Kila mtu amemuuliza hilo. Muulize siku ya kurudi nyumbani ilikuwaje, nani alikuja kumchukua, na kama walipitia dukani kwanza au walikwenda moja kwa moja.

Muswada ukikamilika usiniletee mimi kwanza. Mtafute muuguzi aliyefanya zamu ya usiku, mnunulie chai na mandazi, msomee sura tatu za mwanzo kwa sauti. Atakapokukatiza na kusema, "Hapana, hiyo haifanyiki hivyo," fungua daftari uandike anayosema. Asipokukatiza hata mara moja, niletee kesho yake.